Kuandika maelezo ya zana za wakala wa akili mnemba katika maabara ya mitandao

Wakala wa akili mnemba anayepewa kazi ya kupima mtandao haoni ruta wala kebo, na hata msimbo wa zana anayoitumia haufunuliwi mbele yake. Anachosoma ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo pamoja na aina ya thamani ambayo kila kigezo kinaikubali. Ndivyo ilivyo kwenye itifaki ya MCP (Model Context Protocol, kanuni za kuunganisha modeli na zana za nje), ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024, na ndivyo ilivyo pia kwenye mifumo mingine mingi inayoiwezesha modeli ya lugha kuita programu za nje. Kwa hiyo zile sentensi mbili tatu zinazoandikwa harakaharaka baada ya msimbo kukamilika ndizo zinazoamua kama wakala atachagua zana inayofaa, kama ataijaza sawasawa, na, jambo ambalo wengi hulisahau, kama ataelewa jibu lililorudi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi mitandao, wakufunzi na wanafunzi wanaojenga maabara zao wenyewe. Mifano yake inatoka kwenye maabara ya kawaida inayotosha ndani ya kompyuta moja yenye Linux katika chumba cha mafunzo hapa Tabora: ruta sita za FRRouting, programu ya ruta, zinazoendeshwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta moja) na kuunganishwa kwa programu ya containerlab. Ruta hizo zimepewa majina ya stesheni za Reli ya Kati, yaani tabora, urambo, kaliua, uvinza na kigoma. Ya sita, mpanda, inachepuka kutoka kaliua kama reli yenyewe inavyochepuka pale. Kwa majina hayo, kila mwanafunzi anayeketi mbele ya skrini anajua bila kuambiwa nani ni jirani wa nani.

Anza na jibu

Mwandishi wa zana kwa kawaida huanza kueleza zana inafanya nini, kwa kuwa ndicho anachokijua zaidi. Ninashauri aanze upande wa pili: achukue jibu halisi ambalo zana imelirudisha, alitazame kana kwamba hajui lilivyopatikana, kisha ajiulize ni hitimisho gani lisilo kweli ambalo msomaji makini angeweza kulitoa. Hitimisho hilo ndilo ambalo maelezo yanapaswa kulizuia. Zana inayokataa kufanya kazi haina madhara makubwa, kwa kuwa kosa linaonekana. Inayotia hasara ni ile inayofanya kazi bila tatizo na kurudisha namba safi ambayo maana yake si ile inayodhaniwa.

Tuchukue zana iitwayo pima_kasi, ambayo ndani yake huendesha iperf3, programu ya kupima kasi, iliyosakinishwa kwenye kila kontena. Maelezo yake ya kwanza yanaweza kuwa haya: «Hupima kasi ya mtandao kati ya ruta mbili.» Si uongo, na fundi aliyeiandika hahitaji zaidi ya hapo. Wakala anaombwa kuchunguza kiungo cha tabora na urambo, anachagua UDP, itifaki inayotuma pakiti bila kusubiri uthibitisho, kwa sababu kigezo cha itifaki kinaruhusu, anaita zana, na anapata jibu la megabiti 1 kwa sekunde bila pakiti hata moja kupotea. Anaandika ripoti yenye mpangilio mzuri kwamba kiungo kina uwezo wa megabiti 1 tu. Kilichotokea ni kwamba iperf3, inapoendeshwa kwa UDP bila kutajiwa kasi ya kutuma, hutuma megabiti 1 kwa sekunde. Namba iliyorudi ilikuwa kiasi kilichotumwa, na haikuwa na habari yoyote kuhusu uwezo wa kiungo.

Maelezo yanayozuia ripoti ya namna hiyo yanaweza kuandikwa hivi:

«Hupima kiasi cha data kinachopita kati ya ruta mbili za maabara kwa kutumia iperf3, na kurudisha kasi kwa megabiti kwa sekunde. Itumie kupima njia nzima kutoka chanzo hadi lengo. Haionyeshi ni kiungo kipi katikati kinachobana. Data hutoka kwenye chanzo kwenda kwenye lengo tu. Ili kupima upande wa pili, ita tena ukiwa umebadilishana chanzo na lengo. Kipimo huchukua sekunde 10. Kwa UDP ni lazima kutaja kasi_ya_kutuma, na jibu haliwezi kuizidi: jibu linalolingana nayo bila pakiti kupotea lina maana kwamba njia inamudu kiasi hicho, na halionyeshi kikomo chake. Kwa kiungo ambacho hakijawekewa kikomo cha kasi, jibu huonyesha nguvu ya kompyuta mwenyeji. Lengo hupokea kipimo kimoja kwa wakati; likijibu kuwa lina shughuli, subiri sekunde 15 kisha urudie.»

Ni maelezo marefu, lakini kila sentensi ndani yake inajibu hitimisho moja potofu. Sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile inayosema zana haionyeshi nini, kwa sababu wakala hana njia nyingine ya kulijua hilo. Jina pima_kasi linamwahidi zaidi ya kile iperf3 inachoweza kutoa. Ile ya kompyuta mwenyeji ni ya maabara za kontena peke yake, na fundi aliyezoea vifaa halisi anaweza asiifikirie kabisa: viungo pepe vya Linux havina kasi vilivyozaliwa nayo, hivyo namba kubwa inayoonekana hubadilika kulingana na kichakato cha kompyuta na shughuli nyingine zinazoendelea humo. Kuhusu vizio, viandikwe kila mara, tena kwa neno zima, kwa kuwa tofauti ya megabiti na megabaiti ni mara nane na hakuna msomaji, awe mtu au modeli, anayeweza kuikisia kutoka kwenye namba tupu.

Jina la kigezo ni sehemu ya maelezo

Wakala anapojaza kigezo, jina la kigezo hicho liko karibu naye kuliko aya iliyo juu. Kwa hiyo maana nzito iwekwe ndani ya jina lenyewe pale inapowezekana.

Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa njia ya reli ni takriban kilomita 400. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo yenye urefu huo haiwezi kufikisha pakiti kwa chini ya milisekunde 2, wala kuirudisha kwa chini ya milisekunde 4 kwa jumla. Mkufunzi anayetaka maabara yake iige umbali huo huongeza ucheleweshaji kwa netem, ambayo ni sehemu ya amri ya tc katika Linux. Akitengeneza zana yenye kigezo kiitwacho ucheleweshaji na kumwambia wakala aige milisekunde 4 kati ya tabora na kigoma, amemwachia maswali ambayo hayana jibu popote: ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, ni ya kiungo kimoja au ya njia nzima? Njia hiyo ina viungo vinne, kila kimoja kina ncha mbili, yaani intafesi moja kwenye kila ruta. Wakala anayeweka 4 kwenye kila ncha atapata ping (muda wa pakiti kwenda na kurudi) ya milisekunde 32, sawa na kebo ya kilomita 3,200, na vipimo vyote vitakavyofuata vitafanywa juu ya mtandao ambao hakuna aliyeuomba.

Dawa ni kukiita kigezo hicho ms_upande_mmoja, kisha kuandika: «Huongeza ucheleweshaji kwa pakiti zinazotoka kwenye intafesi iliyotajwa, zinazoingia haziguswi. Ping hupima kwenda na kurudi, hivyo ili kuongeza milisekunde 4 kwenye jibu la ping, weka 2 kwenye kila ncha ya kiungo kimoja tu cha njia. Ukiita tena kwa intafesi ileile, thamani mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani, hazijumlishwi. Thamani 0 huondoa ucheleweshaji. Mabadiliko hupotea kontena linapowashwa upya.» Sentensi ya kutojumlishwa lazima iwe kweli kwenye msimbo pia, na hapo tc ina mitego yake: amri ya add hukataa pale ambapo kanuni nyingine tayari ipo, ilhali replace huifuta na kuweka mpya. Mara nyingi kuandika maelezo kwa uaminifu ndiko kunakomlazimisha fundi kurudi kuurekebisha msimbo.

Majina ya vifaa nayo yanahitaji uamuzi. Kama maabara inaitwa reli, containerlab itaipa kontena ya ruta ya kaliua jina clab-reli-kaliua, ilhali kwenye faili la muundo inaitwa kaliua tu. Wakala akiona majina yote mawili kwenye majibu tofauti atayachanganya. Chagua moja, hasa lile fupi, na uiachie zana kazi ya kulirefusha. Kisha uyaweke majina sita kwenye orodha ya thamani zinazokubalika badala ya kuyasimulia. Hali ni hiyohiyo kwa intafesi. Katika containerlab, eth0 ni ya usimamizi na viungo vya maabara huanzia eth1. Unaweza kuandika onyo kali kwamba eth0 isiguswe, lakini njia bora ni kuiondoa kabisa kwenye orodha. Kinachoweza kuzuiwa na orodha kisiachiwe sentensi.

Wakala ana haraka kuliko itifaki

Hapa ndipo maelezo mengi ya zana za mitandao yanapokuwa mepesi mno. Zana za kusoma hali, kwa mfano onyesha_majirani inayoorodhesha majirani wa OSPF (itifaki ambayo ruta huitumia kupashana habari za njia), hurudisha picha ya sekunde ileile. Mtu anayefanya kazi kwa mkono hukata kiungo, huinuka kunywa maji, hurudi na kutazama. Itifaki imekwisha kutulia. Wakala huita zana ya pili sekunde moja baada ya ya kwanza. Kwenye mitandao ya kawaida OSPF hutuma salamu kila sekunde 10 na humhesabu jirani kuwa amekufa baada ya sekunde 40 za ukimya, hivyo wakala anaweza kuona hali ya Full, yaani ujirani uliokamilika, na kuandika kwamba ujirani umestahimili kukatika kwa kiungo. Kwa BGP, itifaki nyingine ya njia, muda wa kawaida wa kusubiri hivyo katika FRRouting ni sekunde 180, na dakika tatu ni muda mrefu sana kwake.

Jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu kiungo kinaweza kukatwa kwa namna mbili zisizofanana. Zana kata_kiungo ikizima intafesi, ncha ya pili ya kiungo pepe hupoteza mawimbi papo hapo na OSPF hujua mara moja, bila kusubiri zile sekunde 40. Ikitumia netem kupoteza asilimia 100 ya pakiti, intafesi hubaki imewaka na jirani hugundulika kwa ukimya peke yake. Yote mawili ni majaribio halali. La kwanza linafanana na kebo iliyokatwa na greda la barabara. La pili liko karibu zaidi na kiungo cha redio cha mnarani ambacho mvua kubwa imekidhoofisha hadi hakipitishi kitu huku vifaa vikiendelea kuonyesha kuwa vimeunganishwa. Zana yenye jina moja isiyosema inatumia njia ipi humfanya wakala apime jambo moja na kuripoti jingine. Mimi huzitenganisha kuwa zana mbili, zima_intafesi na poteza_pakiti_zote, ingawa wapo wanaopendelea zana moja yenye kigezo cha namna. Muhimu ni kwamba maelezo ya kila moja yataje muda ambao matokeo yake huchukua kuonekana.

Kwenye onyesha_majirani ningeongeza: «Hurudisha hali ya sasa tu. Baada ya poteza_pakiti_zote, subiri angalau sekunde 45 kabla ya kuhitimisha kwamba ujirani umebaki.» Namba itajwe. Maneno kama «subiri kidogo» hayamwambii wakala chochote, na kama maabara yako imebadilisha saa za OSPF, namba hiyo nayo ibadilishwe.

Ping inastahili neno lake kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Katika Linux, ping isiyotajiwa idadi haikomi, kwa hiyo zana iweke idadi yenyewe na iiseme. Katika ruta za Cisco zenye mfumo wa IOS, amri hiyo hutuma pakiti 5, na ya kwanza mara nyingi hupotea ruta inapokuwa bado inatafuta anwani ya kifaa cha upande wa pili kwa ARP. Asilimia 80 ya mafanikio inayoonekana mara ya kwanza si dalili ya kiungo kibovu. Maelezo yaseme: «Ikiwa iliyopotea ni pakiti ya kwanza peke yake, rudia mara moja kabla ya kuripoti upotevu.»

Pamoja na hayo, kuna mpaka ambao nashauri usivukwe. Maelezo yaeleze kipimo. Yasifanye utambuzi wa ugonjwa. Ni kweli kwamba ujirani wa OSPF unaokwama kwenye hali ya ExStart, hatua ya kati ya kujenga ujirani, mara nyingi husababishwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) zisizolingana, na mtu huona ni wema kuliandika hilo ndani ya onyesha_majirani. Matokeo yake ni wakala anayeiona MTU kila mahali. Tena, maabara ikiwa ni ya kumpima wakala au kuwafundisha wanafunzi, jibu limekwisha kutolewa kabla ya swali.

Zana zinazobadilisha na zinazofuta

Kwa kila zana inayogusa hali ya mtandao, maelezo yajibu kama tendo linaweza kutenguliwa, kwa zana ipi, na nini kinabaki umeme ukikatika. Mabadiliko yanayofanywa kupitia vtysh, dirisha la amri la FRRouting, hukaa kwenye kumbukumbu ya kazi hadi pale amri ya write memory inapotolewa. Wakala asiyelijua hilo huweza kusema amehifadhi kitu ambacho hakijahifadhiwa. MCP ina alama za hiari kwa ajili hii, zikiwemo readOnlyHint na destructiveHint, na zana isiyotajwa kuwa ya kusoma tu huchukuliwa kuwa inaweza kuharibu. Zijaze, lakini kumbuka kwamba ni vidokezo. Sentensi isemayo «usiitumie kwenye mtandao wa uzalishaji» haizuii chochote; kinachozuia ni msimbo unaokataa. Katika maabara hii anwani zote zinatoka kwenye 198.18.0.0/15, eneo lililotengwa kwa ajili ya majaribio ya vifaa vya mitandao, na zana hurudisha kosa kwa anwani yoyote iliyo nje yake. Maelezo yanalitaja hilo ili wakala asipoteze muda kujaribu, wala si kwa matumaini kwamba atatii.

Ujumbe wa kosa uandikwe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa wakala huusoma kama mwendelezo wa maelezo. «Kosa 1» humfanya arudie amri ileile. «Ruta Kigoma haipo, majina huandikwa kwa herufi ndogo: tabora, urambo, kaliua, uvinza, kigoma, mpanda» humpeleka mbele kwa hatua moja.

Kuhusu lugha, modeli kubwa za sasa zinasoma Kiswahili vya kutosha kwa kazi hii, na maelezo ambayo timu nzima inayasoma bila taabu hurekebishwa mara nyingi zaidi. Hali zinazotolewa na kifaa, kama Full, Established na ExStart, ziachwe zilivyo ili zifanane na zinavyoonekana kwenye jibu.

Kuyajaribu maelezo

Jaribio la kwanza halihitaji modeli. Mpe mwenzako ambaye hajauona msimbo maelezo ya zana pamoja na jibu moja halisi, umwulize anahitimisha nini. Akikosea, wakala naye atakosea. Baada ya hapo panda hitilafu inayojulikana, kwa mfano kikomo cha kasi kwenye kiungo cha kaliua na uvinza, mpe wakala kazi ya kuitafuta, kisha usome orodha ya zana alizoita na thamani alizojaza, si ripoti yake ya mwisho peke yake. Ripoti sahihi inaweza kutoka kwenye njia mbovu iliyobahatika. Kwa kuwa modeli haijibu sawasawa kila mara, kazi ileile iendeshwe mara kadhaa kabla ya kusema kwamba sentensi fulani imesaidia, na sentensi zibadilishwe moja baada ya nyingine. Miongoni mwa kazi hizo iwepo moja ambayo mtandao wake ni mzima kabisa, kwa kuwa wakala aliyeambiwa atafute hitilafu huelekea kuipata hata pasipo nayo, na maelezo yenye maonyo mengi humzidishia tabia hiyo.

Maelezo yakae kwenye faili moja na msimbo wa zana, yabadilishwe pamoja nao na kupitiwa na mtu yuleyule anayeupitia msimbo. Muda wa kipimo ukiongezwa kutoka sekunde 10 hadi 30, sentensi inayosema 10, pamoja na ile ya kusubiri sekunde 15 pale lengo linapokuwa na shughuli, zirekebishwe siku hiyohiyo.